Nina cheo, nina kadi ya chama, nataka ubunge 2030: nianzie wapi?

Barua

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina miaka 46 na ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni inayosambaza sabuni na bidhaa za usafi wa nyumbani hapa Dar es Salaam. Kampuni mama iko Marekani na hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York. Mkataba wangu unaisha Juni 2029 na notisi ni miezi sita. Naishi Mbezi Beach, jimbo la Kawe, lakini kwetu ni Korogwe na huko naenda mara mbili kwa mwaka. Kadi ya CCM ninayo tangu 2012. Ada nalipa kwa kurukaruka, na kikao cha tawi sijawahi kukaa hata kimoja.

Nataka kugombea ubunge 2030. Mume wangu ameridhia kwa sharti moja: ada za watoto na mkopo wa nyumba visitikisike. Marafiki wananiambia niache kazi sasa hivi ili watu waone nimedhamiria. Mimi nimefikiria njia nyingine: bajeti ya misaada ya jamii ya kampuni iko chini yangu, na mwaka huu ningeweza kuielekeza kwenye visima viwili Mabwepande na jezi za ligi ya vijana Bunju, ili jina langu lianze kuzoeleka.

Je, niache kazi lini? Nigombee Kawe au Korogwe? Hiyo bajeti naweza kuitumia? Na mwenyekiti wa bodi nimwambie lini, maana tetesi zimeshaanza ofisini? Nina pia nyumba mbili za kupangisha Tegeta. Sijui kama zinahusika.

Mama Korogwe, Mbezi Beach

Majibu

Mama Korogwe, kazi usiache, na visima usichimbe. Tuanze na hivyo viwili kwa sababu ndivyo vinavyoweza kukuharibia mapema, kisha tuje kwenye mengine.

Kalenda yako inahesabiwa kurudi nyuma kutoka Oktoba 2030. Mwaka 2025 fomu za ndani ya CCM zilichukuliwa kuanzia 28 Juni hadi 2 Julai, siku tano tu, na ada ya fomu ya ubunge ilikuwa shilingi 500,000. Kura za maoni, ambazo wajumbe wa chama huwapigia wanaoomba kuteuliwa, zikafuata Agosti. Chukulia kwamba 2030 itakuwa karibu na hapo. Kabla yake kuna uchaguzi wa serikali za mitaa mwishoni mwa 2029, na kabla ya huo kuna uchaguzi wa ndani ya chama, ambao hufanyika kila miaka mitano na zamu yake ni 2027. Huo wa 2027 ndio uchaguzi wako wa kwanza, si ule wa 2030.

Mkataba ukiisha Juni 2029 na ukaondoka siku hiyo, utakaa takriban miezi 17 bila mshahara hadi Bunge jipya liapishwe. Ni mingi mno. Omba nyongeza fupi, hadi 31 Machi 2030, kisha toa notisi ya miezi sita tarehe 1 Oktoba 2029. Kwenye wiki za uchaguzi wa mitaa tumia likizo yako ya mwaka, na iandikwe ni likizo. Hapo utabaki na miezi minane isiyo na kipato, Aprili hadi Novemba 2030. Lakini bajeti ya nyumbani usiipange kwa miezi minane, ipange kwa 18, kwa sababu ukiangushwa kwenye kura za maoni mwezi Agosti utaanza kutafuta kazi ukiwa tayari una rangi ya chama usoni, na nafasi za ngazi yako hazitangazwi kila wiki. Kama nyumba yenu inakula milioni 6 kwa mwezi, ada na rejesho la mkopo vikiwemo, hiyo ni milioni 108. Ziwekwe kwenye akaunti yenye saini mbili, yako na ya mume wako, na zisiguswe kwa siasa hata siku moja. Sharti la mume wako linakuwa limetimia hapo. Nenda pia benki uulize mkopo wa nyumba unafanywaje makato ya mshahara yakikoma. Wengine hupandishiwa riba siku ileile wanapoacha kazi, nao hawakujua.

Utasikia mifano ya watu waliotoka kwenye ofisi kubwa wakafanikiwa. Iangalie vizuri. Dk. Charles Kimei aliiongoza benki ya CRDB tangu 1998 hadi 2018, akaingia Bungeni 2020 kwa jimbo la Vunjo. Miaka miwili ilipita katikati, na aligombea kwao. Mohammed Dewji alikuwa mbunge wa Singida Mjini 2005 hadi 2015 huku biashara ya familia ikiendelea, lakini yeye hakuwa mwajiriwa wa mtu. Mwenye kampuni akishindwa anarudi kwenye kiti chake. Mwajiriwa akirudi anakuta mwingine amekikalia.

Sasa wajumbe. Ule utani wa 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri ulitokana na mshangao wa watu wenye majina makubwa. Kigamboni mwaka ule, Paul Makonda, aliyetoka kwenye ukuu wa mkoa, alipata kura 122 dhidi ya 190 za Dk. Faustine Ndugulile. Tazama ukubwa wa namba zenyewe: mia na ushee. Mwaka 2025 wajumbe waliongezwa, kura zikafika maelfu. Jirani hapo Kawe, Askofu Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu kwa kura 79, na bado vikao vya juu vikamteua yeye. Kwa hiyo kuna milango miwili, na funguo zake hazifanani. Wa kwanza unafunguliwa na wajumbe wanaokufahamu kwa sura. Wa pili unafunguliwa na vikao vinavyosoma faili lako: maadili, kodi, kesi, maneno uliyowahi kuandika mitandaoni. Watendaji wengi hutumia nguvu zote kuwafikiria wapiga kura laki kadhaa ambao hawajawafikia bado, na wanakwama kwa wajumbe wasiowajua.

Dawa yake haina mbwembwe. Mwezi huu nenda ofisi ya tawi la mtaa unaoishi. Lipa ada yote unayodaiwa, chukua stakabadhi, na kama kadi yako ilitolewa Korogwe, omba uhamisho wa uanachama kwa maandishi kutoka tawi la zamani. Hakikisha unaonekana kwenye usajili wa kielektroniki, jina likiwa sawa na la kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi. Kisha hudhuria vikao, ukae kwenye kiti cha plastiki kama wengine, na miezi sita ya kwanza usitake kuongoza lolote. Mfahamu balozi wa shina lako na katibu wa tawi. Watakuomba uandike muhtasari au utafute bei ya mabati ya ofisi, fanya. Mwaka 2027 gombea nafasi ndogo, ya tawi au ya UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, ngazi ya kata, unayoweza kuihudumia baada ya saa za kazi. Anayerukia ngazi ya mkoa kwa nguvu ya fedha huitwa mgeni mpaka anaondoka.

Na mdomo uwe na kiasi. Usiseme popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, kwamba unautaka ubunge. Februari 2014 chama kiliwaadhibu makada sita, akiwemo Edward Lowassa, kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Kama hao waliguswa, mkurugenzi wa sabuni ataguswa kwa wepesi zaidi.

Kawe au Korogwe? Sheria haikulazimishi ugombee unakoishi wala ulikozaliwa. Lakini mtu anayeonekana Korogwe kwenye sikukuu mbili za mwaka, wajumbe wa huko humwita mgeni wa sikukuu, na safari za Ijumaa na Jumapili kwa miaka minne zitakumaliza wewe na gari. Tunasema Kawe, ila ijue. Si Mbezi Beach na Msasani peke yake. Ni Kunduchi, Wazo, Mbweni, Bunju, Mabwepande, Makongo, Mbezi Juu, Mikocheni na Kawe yenyewe. Kero za Mabwepande, viwanja na migogoro ya ardhi, hazifanani na za Mikocheni. Tenga Jumamosi mbili kwa mwezi, kata moja kila mara, na daftari. Andika jina la mwenyekiti wa mtaa, barabara inayokatika mvua za masika, na ofisi gani inahusika: barabara ya mtaa ni TARURA, barabara kuu ni TANROADS, maji ni DAWASA. Utashangaa ni wangapi wanaogombea bila kujua tofauti ya hizo za kwanza mbili.

Kuhusu zile jezi na visima. Tunaelewa kwa nini vinavutia: fedha ipo, kazi ni njema, na watu watafaidika kweli. Tatizo liko pande tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kampuni mama. Sheria ya Marekani ya 1977 inayokataza rushwa kwa maofisa wa nchi za nje inamtaja pia kiongozi wa chama cha siasa na mgombea, na inazibana kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya huko. Siku wakaguzi wa ndani watakapolinganisha ramani ya misaada na ramani ya jimbo lako, utaulizwa maswali na wanasheria, si na bodi. Unaweza kufukuzwa kwa kosa la maadili, na faili hilo litasomwa baadaye na kikao kile cha mlango wa pili. Pili, sheria za hapa. Kipengele cha takrima, kilichoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, kiliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata mchakato wa kuteua wagombea ndani ya chama. Mwenzako atakayeshindana nawe ndiye atakayewapelekea TAKUKURU picha za jezi. Tatu, na hili watu husahau, kisima chenye nembo ya kampuni hakikumbukwi kwa jina lako. Pampu ikiharibika baada ya miezi 14 na fundi hajaja, hapo ndipo jina lako litakapokumbukwa.

Fanya hivi badala yake. Andika waraka wa ndani unaokutoa kwenye uamuzi wa misaada yote ya mkoa wa Dar es Salaam na Tanga, kazi hiyo ipewe kamati ya watu watatu isiyoripoti kwako, na bodi iupitishe kwa kumbukumbu za kikao. Mkoa mzima, si jimbo pekee, kwa sababu ukiandika "Kawe" umeshatangaza nia. Mchango wako kwenye misiba na harusi utoke mfukoni kwako, kwa kiwango kimoja kwa wote. Ukimpa huyu elfu 20 na mwenyekiti wa mtaa laki mbili, habari itafika kabla hujafika nyumbani. Simu, gari, dereva na mhudumu wa ofisi visitumike kwa shughuli ya chama hata kwa dakika tano. Dereva wa kampuni aliyekusubiri nje ya kikao cha tawi ni ushahidi unaotembea.

Fedha nyingi pia si kinga. Meg Whitman, aliyeiongoza eBay kwa miaka kumi, alitumia zaidi ya dola milioni 140 za mfukoni akiwania ugavana wa California mwaka 2010, akashindwa. Wakazi wa Nairobi walimwona baadaye akiwa balozi wa nchi yake.

Nyumba za Tegeta zinahusika, tena sana. Ibara ya 67 ya Katiba inakutaka uwe raia, uwe umefikisha miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, udhaminiwe na chama, na katika miaka mitano kabla ya uchaguzi uwe hujatiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Kodi ya pango ni mahali ambapo watu wenye mishahara mizuri hujisahau, kwa kuwa mwajiri huwakatia kila kitu kingine. Nenda TRA ukiwa na mikataba ya wapangaji, kokotoa ya nyuma, lipa, na uombe uthibitisho wa kutodaiwa. Halafu fungua taarifa zako BRELA, kwa msajili wa kampuni: kampuni zote ambazo jina lako limo kama mkurugenzi au mmiliki manufaa (mmiliki halisi anayefaidika), hata ile ya ndugu mliyoianzisha na ikafa. Kampuni iliyokufa bila kufungwa hudaiwa ritani za kila mwaka, na deni hilo linasomeka kwa jina lako. Ukishinda, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma itataka tamko la mali na madeni ndani ya siku 30, kisha kila mwaka kufikia 31 Desemba, pamoja na mali za mume na watoto walio chini ya miaka 18. Mume wako asome fomu hiyo sasa. Kuridhia kugombea ni jambo moja, kuorodhesha viwanja vyake ni lingine. Na benki zenu zote mbili zitaanza kuuliza chanzo cha kila muamala mkubwa, kwa kuwa mtakuwa kwenye kundi la wateja wa kisiasa.

Utaulizwa kuhusu Viti Maalumu. Ni njia halali, inapita UWT na ina wajumbe wake, kwa hiyo kazi ya tawi haikwepeki. Zile nafasi zisizozidi kumi anazoteua Rais haziombwi. Usizipangie maisha.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Leo ukisema "naomba ripoti Jumatatu", ripoti inakuja. Mbunge haamuru mtu. Mkurugenzi wa halmashauri si mtumishi wake, mkuu wa wilaya pia, na Ibara ya 99 inamzuia kupeleka muswada wa kutoza kodi au kutumia fedha za Serikali bila pendekezo la Rais. Anachoweza ni kuuliza swali, kuchangia, kukaa kwenye kamati, kukaa kwenye baraza la madiwani, na kuongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo, ambao ni mdogo kuliko bajeti yako ya matangazo. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni utakuwa Dodoma kwenye Bunge la Bajeti wakati masika yamekata barabara za Bunju na simu zinaita. Treni ya mwendokasi imepunguza maumivu ya safari, haijapunguza simu. Hesabu unazozijua zitakufaa sana kwenye kamati za Bunge za PAC (hesabu za Serikali) au PIC (uwekezaji wa mitaji ya umma), ukijifunza kuzieleza kwa Kiswahili kisichochanganywa. Anza mazoezi mapema: eleza taarifa ya mapato ya kampuni kwa mama lishe wa jirani bila neno moja la Kiingereza, uone unakwamia wapi.

Ukifika kwenye fomu ya Tume ya Uchaguzi, wengi huanguka kwa vitu vidogo. Jina lisipishane na la daftari la wapiga kura. Wadhamini 25 wawe wamejiandikisha ndani ya jimbo, na kila namba ya kadi ikaguliwe kwa kadi yenyewe, si kwa kusomewa kwenye simu. Hakikisha hakuna aliyemdhamini mgombea mwingine. Tamko la kisheria lisainiwe mbele ya hakimu, muhuri wa chama uwepo, na fomu ifike kwa msimamizi asubuhi, kabla ya foleni ya saa kumi jioni, ili kosa likionekana uwe na muda wa kulirekebisha. Piga nakala ya kila ukurasa kabla ya kukabidhi.

Mwenyekiti wa bodi mwambie ndani ya wiki mbili hizi. Tetesi zikimfikia kabla yako, kila uamuzi utakaofanya utasomwa kwa jicho hilo. Omba dakika 20 ana kwa ana, bila mtu wa rasilimali watu, kisha mwachie barua fupi. Kabla ya hapo soma mkataba wako kifungu cha shughuli za nje na kile cha bonasi, kwa kuwa baadhi ya mikataba hurudisha bonasi ya mwaka mzima ukikiuka. Barua iwe hivi:

"Mimi ni mwanachama wa chama cha siasa na ninakusudia kushiriki shughuli za tawi ninaloishi nje ya saa za kazi, bila kutumia jina wala mali ya kampuni. Naomba bodi iniondoe kwenye maamuzi ya misaada ya jamii katika mikoa ya Dar es Salaam na Tanga kuanzia leo. Nitakapochukua hatua yoyote ya kugombea nafasi inayoingiliana na wadhifa wangu, nitaitaarifu bodi kwa maandishi kabla ya kuichukua."

Neno ubunge halimo, na hakuna uongo ndani yake. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uiweke nyumbani, si kwenye kabati la ofisi.